Kijana Ana Akili, Lakini Hasomi

Mwezi huu nimechagua barua tatu kutoka Kanda ya Ziwa. Zote zinagusa jambo moja: ni nini hasa kinachomfanya kijana wa sekondari ajitume katika masomo, na sisi wakubwa tufanye nini pale ambapo kujituma huko hakuonekani. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu naamini wazazi wengi watajiona ndani yake.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kitangiri na nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kijana wangu wa pili yuko Kidato cha Pili katika shule ya kutwa. Alipomaliza darasa la saba alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa juu shuleni kwake, na sote tulijivunia akili zake. Tangu aingie sekondari ameshuka kila muhula. Baba yake alimwahidi simu kubwa akipata daraja la kwanza kwenye mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili. Akasoma usiku kwa muda mfupi, kisha akaacha. Ameshachapwa, ameshasemwa mbele ya wajomba zake, hakuna kilichobadilika. Siku hizi akitoroka shule tunamkuta Mwaloni anapakua magunia ya dagaa kutoka kwenye boti, na fedha anayopata anajinunulia viatu. Walimu wanasema ana akili, ila ni mvivu. Mwalimu, nimfanyeje mwanangu apende shule?*
— Mama wa Kitangiri, Mwanza

Marahaba, mama, na pole kwa mzigo huo.

Kwanza nakuomba tuiweke kando hukumu ya uvivu. Kijana anayeamka alfajiri, akashuka hadi mwaloni giza halijatoka, akabeba mabegani magunia yaliyotoka visiwani mpaka jasho likamloweka, hawezi kuitwa mvivu. Nguvu anazo na nia anayo. La kujiuliza ni kwa nini nguvu hizo zinakwenda mwaloni na haziendi darasani, na nadhani jibu liko ndani ya barua yako mwenyewe. Akipakua magunia kumi analipwa ya magunia kumi, asubuhi ileile, na kila anayemwona anajua kwamba kazi ameifanya. Darasani ni muda mrefu tangu juhudi yake izae kitu chochote anachoweza kukiona. Tumezoea kudhani kwamba moyo wa kusoma hutangulia na kuelewa hufuata. Kwa vijana niliowafundisha, mara nyingi mambo yalikwenda kinyume: mwanafunzi alianza kuelewa jambo dogo, akajiona kwamba kumbe anaweza, ndipo moyo ukaja.

Sasa tazama kilichotokea kati ya darasa la saba na Kidato cha Kwanza. Katika shule nyingi za serikali mtoto husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo hadi hapo alikuwa ameisoma kama somo moja tu. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono anaanza kuuficha, si kwa sababu akili imepungua bali kwa sababu hana maneno ya kujibia. Anajifunza kunakili ubaoni. Anajifunza kukaa nyuma. Baada ya muhula mmoja au miwili amezoea kutoelewa, na asiyeelewa akikaa darasani saa nane kwa siku huchoka kuliko anayebeba mizigo.

Namkumbuka mvulana mmoja ambaye daftari lake la Baiolojia lilikuwa safi kuliko yote. Vichwa vya habari alivipigia mstari kwa wino mwekundu, mchoro wa moyo wa binadamu aliukoleza kwa penseli za rangi, na kila mshipa ulikuwa na jina lake lililonakiliwa bila kosa. Nilipomwomba anionyeshe damu inaingilia wapi na kutokea wapi, aliweka kidole kwenye karatasi na kidole kikabaki palepale. Tulirudi nyuma, tukaanza kwa Kiswahili, na mapigo aliyoweza kuyahisi mwenyewe kwenye kifundo cha mkono wake, tukaifuata damu hatua kwa hatua mpaka kwenye mapafu na kurudi, ndipo tukayarudisha yale maneno ya Kiingereza moja moja mahali pake. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe ofisini, bila kuitwa, kuuliza kwa nini mtu akikimbia moyo huenda mbio.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ulifanye ni dogo. Jioni moja mkiwa mmetulia, mwambie mwanao afungue daftari la somo lolote, achague ukurasa ulioandikwa wiki iliyopita, akueleze kwa Kiswahili au kwa Kisukuma kilichoandikwa pale. Usimsahihishe wala usimkaripie. Huhitaji kulijua somo. Utamjua anayeelewa na anayebabaisha, kama unavyomjua mteja mwenye fedha na asiye nayo. Akishindwa, mtakuwa mmeipata kazi ya kufanya: kutafuta mtu wa kumrudisha pale alipoachwa. Huenda akawa mwalimu wa somo ukienda kumwona kwa upole, au mwanafunzi wa Kidato cha Tano mtaani kwenu, au twisheni, ilimradi isiwe ile ambamo watoto wengi wanapangwa kwenye chumba kimoja wakanakili mambo mengine juu ya yale wasiyoyaelewa. Mwulize anayefundisha kama yuko tayari kuanzia Kidato cha Kwanza, na kama hayuko tayari, fedha yako ibaki nayo.

Nije kwenye simu. Simlaumu baba yake, maana ahadi ile ilitoka kwenye upendo, lakini naomba aelewe kwa nini haikufanya kazi. Mchumi wa Marekani Roland Fryer alisimamia majaribio makubwa ya kuwalipa wanafunzi katika miji kadhaa ya nchi hiyo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Katika miji ya New York na Chicago watoto waliahidiwa fedha kwa alama nzuri. Ufaulu wao haukupanda. Huko Dallas watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichokisoma na kujibu maswali yake, na hapo ndipo dalili njema zilipoonekana. Watoto walioahidiwa fedha kwa alama waliifurahia ahadi na waliitaka sana fedha, ila walipoulizwa wangefanya nini ili wapate alama zaidi, wengi hawakuwa na jibu la maana. Kumwahidi mtoto simu kwa daraja la kwanza wakati yuko chini kabisa ni kumwonyesha mahali pa kufika bila kumwonyesha njia, na mwanao alijaribu, akaona njia haipo, akaacha.

Kama mnataka kumpa kitu, mpeni kwa kazi iliyo ndani ya uwezo wake na inayoonekana: amemaliza zoezi la Hisabati na kulisahihisha, amesoma kitabu kizima, amekaa wiki nzima bila utoro. Kiwe kitu kidogo, kisicheleweshwe, wala kisigeuke kuwa desturi ya kununua kila saa ya kusoma. Mwanasaikolojia Edward Deci aliwahi kuonyesha, katika jaribio la mwaka 1971, kwamba watu waliolipwa kwa mafumbo waliyokuwa wakiyafurahia waliyapa muda mfupi zaidi malipo yalipoondolewa. Pale ambapo kijana tayari anapenda somo fulani, msiingize fedha.

Kuhusu fimbo nitakuwa mfupi. Inaweza kumrudisha kijana kwenye dawati, haiwezi kumfanya afikiri akiwa pale. Kumsema mbele ya wajomba ni kubaya zaidi, kwa sababu kijana wa umri huo anaishi kwa heshima yake mbele ya watu, na aliyeaibishwa nyumbani ataitafuta heshima hiyo mahali pengine. Mwaloni ameipata.

Kuna jambo jingine katika barua yako lililonigusa, nalo ni sifa aliyokulia nayo ya kuwa na akili. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa darasa la tano nchini Marekani. Waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa na kufanya vibaya zaidi kuliko waliosifiwa kwa juhudi zao, kwa sababu kwao kushindwa kulimaanisha kwamba akili haikuwapo. Mtoto aliyeambiwa miaka saba kwamba ana akili, kisha akakutana na sekondari asiyoielewa, ana njia mbili: kukubali kwamba hana akili, au kuacha kujaribu ili asijulikane. Wengi huchagua ya pili. Nawaombeni wewe na walimu wake muache kumwambia kwamba ana akili ila hasomi. Mwambieni mlichokiona: leo umerudia swali hili mpaka limetoka, jana ulimwuliza mwalimu swali.

Halafu mwaloni. Sikushauri umfungie kabisa, kwa sababu kazi ile ndiyo mahali pekee kwa sasa anapojiona anafaa, na kumnyang'anya kabla hajapata pengine pa kujiona hivyo ni kumwongezea hasira. Weka mpaka ulio wazi: siku za shule hapana, Jumamosi ruhusa. Usingizi nao si anasa kwa umri wake. Wataalamu wa usingizi wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku, na miili yao katika umri huo huchelewa kusinzia usiku, kwa hiyo anayeamka saa kumi alfajiri anaingia darasani akiwa nusu yake imelala. Wewe unajua kuliko mimi kwamba siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti kitu, na mizigo inapungua. Anzeni utaratibu mpya katika siku hizo, wakati kishawishi ni kidogo.

Mwisho kwa upande wako, mpe nafasi ya kuamua. Deci na mwenzake Richard Ryan wameandika kwa miaka mingi kwamba mtu hujituma kwa moyo pale anapojiona ana uamuzi juu ya anachokifanya, anaona anakiweza, na ana watu wanaomjali katika jambo hilo. Mwulize angependa kuanza kunyanyuka katika somo gani. Akisema Jiografia wakati wewe ulitaka Hisabati, anza na Jiografia. Mtihani wa taifa hauko mbali, na anayeshindwa hulazimika kukariri kidato, lakini somo moja lililosimama litamfaa kuliko masomo tisa yaliyosukumwa kwa vitisho.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Kidato cha Nne, Ukerewe. Sina tatizo la kuelewa, walimu wangu wananisifu. Tatizo langu ni kwamba nikikaa kusoma najiuliza nasoma ili iwe nini. Dada yangu alisoma mpaka Kidato cha Sita, sasa yuko Nansio anauza chapati. Rafiki zangu wawili wameshaolewa. Nikifikiri hayo nafunga daftari. Nisaidie nipate moyo.*
— Msichana wa Ukerewe

Marahaba, mjukuu wangu. Swali lako ni la mtu mzima na sitalijibu kwa kukuambia kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, maana umeshaisikia kauli hiyo na umemwona dada yako. Ni kweli kwamba cheti peke yake hakimpi mtu ajira siku hizi. Ni kweli pia kwamba ukiwa kisiwani unawaona vizuri waliorudi, na waliokwenda wakakaa huwaoni.

Mtafiti Robert Jensen alikutana na jambo linalofanana na lako katika Jamhuri ya Dominika, kwenye utafiti aliouchapisha mwaka 2010. Wavulana wa darasa la nane waliulizwa aliyesoma zaidi hupata kiasi gani, nao wakataja tofauti ndogo sana kuliko iliyokuwapo kwa kweli, kwa sababu walikuwa wakitazama watu wa mtaani kwao tu. Baadhi yao walipoonyeshwa hali halisi, walikaa shuleni muda mrefu zaidi katika miaka iliyofuata. Sharti niseme pia kwamba kwa waliotoka katika familia maskini kabisa badiliko lilikuwa dogo, kwa kuwa kujua hakulipi nauli. Kwa hiyo unahitaji mambo mawili: kuijua njia, na kujua itagharamiwa vipi.

Njia zilizo karibu nawe ni nyingi kuliko unavyozihesabu. Pale Nyegezi kuna kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, na wewe umezaliwa katikati ya ziwa ambalo maisha ya watu wake ni sangara na dagaa. Kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kuna vyuo vya afya, na vingi katika njia hizi, hasa vya afya, vina masharti ya alama za Kidato cha Nne katika masomo maalumu. Hapo ndipo penye sababu ya kufungua daftari usiku wa leo: alama za Novemba hazikuahidi kazi, lakini ndizo zinazoamua milango ipi utaruhusiwa kuigonga na ipi itakuwa imefungwa kabla hujafika. Bodi ya Mikopo, iliyozoeleka kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza kukopesha pia baadhi ya fani za stashahada. Mwombe mwalimu wako wa taaluma akusaidie kupata mwongozo wa udahili, chagua kozi mbili, andika masomo yanayotakiwa kwenye jalada la daftari lako. Kisha umtafute msichana mmoja wa Ukerewe aliyekutangulia miaka mitatu au minne katika njia hiyo, uongee naye hata kwa simu ya mama. Mtu wa karibu aliyefika atakupa nguvu kuliko daktari maarufu anayekuja shuleni kuhutubia.

Na usisome peke yako. Wakati Michael Kremer, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019, na wenzake walipochunguza mpango wa ufadhili kwa wasichana wa darasa la sita huko Busia, magharibi mwa Kenya, walikuta kwamba hata wasichana waliokuwa na nafasi ndogo ya kushinda ufadhili walipandisha alama zao, na wavulana ambao hawakuhusika kabisa walipanda kidogo pia. Walimu nao walihudhuria zaidi. Darasa likianza kujituma linawabeba hata wasiotarajia kitu. Tafuta wenzako wawili, mkutane bila madaftari, muulizane maswali na kujibu kwa kichwa kabla ya kutazama majibu. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima namna hiyo walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia tu kusoma, na wewe utafaidika mara mbili, kwa sababu utaona kwa macho yako kwamba wiki hii unajua usichokijua wiki iliyopita.

Kuhusu rafiki zako walioolewa, usiwahukumu wala usiwaache. Ila ukisikia nyumbani kwenu kuna mtu ameanza kuzungumzia posa yako kabla ya Novemba, mwambie mapema mwalimu wa kike unayemwamini, wala usisubiri barua ya pili kwangu.

*Shikamoo Mwalimu mkongwe. Mimi ni mwalimu kijana wa Hisabati, Sengerema. Mkuu wetu anataka matokeo ya kila mtihani yabandikwe ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho ili wanafunzi waone aibu na kusoma. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya sabini, na nimeona wale wa chini hawasogei hata kulitazama tangazo. Je, niendelee?*
— Mwalimu wa Sengerema

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Wewe umeshaliona jibu kwa macho yako. Orodha ile inawasha moto kwa wanafunzi sita au saba wanaoigombea nafasi ya kwanza. Aliye wa hamsini na nane hajui afanye nini ili awe wa hamsini, na akipanda kutoka alama 11 hadi 19, jambo ambalo kwake ni kazi kubwa, orodha haisemi chochote kwa kuwa wenzake nao wamepanda. Hata Baraza la Mitihani, kuanzia matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022 yaliyotangazwa Januari 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora.

Mkuu wako anataka jema, kwa hiyo usimwendee kwa mabishano. Mwombe akuruhusu ujaribu kwa muhula mmoja, katika somo lako tu: kila mwanafunzi awe na karatasi nyuma ya daftari ambayo anaandika alama yake ya jaribio lililopita, alama ya sasa, na swali moja aliloshindwa ambalo atalirudia kabla ya jaribio lijalo. Majaribio yawe mafupi na ya mara kwa mara, na ndani yake uweke maswali mawili ya Kidato cha Kwanza ambayo kila mmoja anaweza kuyafikia akijitahidi. Kwa watu sabini huwezi kupita kwenye kila dawati kila siku, lakini unaweza kukusanya karatasi za safu moja kila kipindi na kuandika sentensi moja kwa mkono wako. Muhula ukiisha, kaeni na mkuu mtazame alama za wale ishirini wa chini, kabla na baada.